Jina na Jiwe: Juu ya Kutambua Visukuku Vyenye Kutatanisha

Neno kisukuku hutumika katika Kiswahili kwa mabaki au alama ya kiumbe aliyeishi zamani sana, iliyohifadhiwa ardhini au ndani ya mwamba. Neno lenyewe ni fupi, lakini limebeba madai matatu: kwamba kitu hicho kilitokana na kiumbe mwenye uhai, kwamba kiumbe huyo aliishi zamani, na kwamba kilichobaki kilihifadhiwa kwa nguvu za maumbile, wala si kwa mikono ya watu. Mtu aokotaye jiwe la ajabu ufukoni au korongoni, akaliita kisukuku, amekwisha kuyakubali madai yote matatu kwa mara moja, ijapokuwa pengine hana ushahidi hata wa moja. Hapo ndipo taabu ya mkusanyaji ianzapo.

Mkusanyaji anayekusudiwa hapa ni yule asiyesomea kazi hiyo: mwalimu, fundi, mkulima, mvuvi, au mwanafunzi mwenye macho mepesi. Watu wa namna hii wametenda mambo makubwa. Mary Anning wa Lyme Regis, Uingereza, alikuwa binti wa seremala, naye alijipatia riziki kwa kuuza visukuku vilivyoporomoka kutoka majabali ya pwani. Mwaka 1823 alifukua kiunzi kizima cha plesiosauri, mnyama wa bahari mwenye shingo ndefu ambaye wataalamu walikuwa wakimjua kwa vipande tu. Kwa hiyo kutokuwa mtaalamu si aibu, wala si kizuizi kikubwa. Kizuizi kikubwa ni pupa ya kutaja jina.

I. Jina lililotangulia

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliokota mawe madogo ya pembe tatu, laini na yenye kung'aa, ambayo waliyaita glosopetra, yaani ndimi za mawe. Yalipatikana kwa wingi katika kisiwa cha Malta, na kwa kuwa Mtume Paulo aliumwa na nyoka kisiwani humo asidhurike, watu waliyahusisha mawe hayo na nyoka, wakayavaa au kuyatia katika vinywaji ili wajikinge na sumu. Mwaka 1616 mwanachuo wa Kiitalia Fabio Colonna alieleza kwamba mawe hayo ni meno ya papa. Mwaka 1666 papa mkubwa alivuliwa karibu na Livorno, na kichwa chake kikapelekwa Florence kwa tabibu Nicolaus Steno. Steno alipokipasua aliyaona meno yale, akayalinganisha na ndimi za mawe, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1667 akaonyesha jinsi vilivyofanana.

Jambo la kushangaza katika habari hii ni kwamba papa hawakuwa wageni kwa wavuvi wa bahari ile. Meno yao yalionekana kila mwaka. Lakini maadamu kitu kile kiliitwa ulimi, watu walitafuta mwenye ulimi; hawakumtafuta mwenye jino. Jina lilikuwa limekwisha kuchagua njia ambayo fikira zingepita.

Mifano ya namna hii ni mingi. Huko Whitby, katika pwani ya kaskazini ya Uingereza, visukuku vya amonaiti, ambavyo ni makombe yaliyojiviringisha, viliitwa nyoka waliogeuka mawe. Kwa kuwa nyoka hao hawakuwa na vichwa, wauzaji walivichonga vichwa na kuvitia, na jina likaanza kukibadilisha kitu chenyewe. Mahali pengine chaza wa kale aliyepinda aliitwa kucha la Ibilisi.

Kutokana na hayo yatokea kanuni ya kwanza ya mkusanyaji: eleza kabla ya kutaja. Maelezo ya namna mbili yaweza kulinganishwa. Katika daftari moja mtu ameandika: "Jino la mamba." Katika daftari la pili mwenzake ameandika hivi: "Kitu cha rangi ya kahawia, urefu wake sentimita 3, chembamba chenye ncha, nacho kimepinda kidogo kuelekea upande mmoja, kingo zake zina menomeno kama msumeno, chini kimevunjika, na ndani kuna uwazi." Ikiwa kesho mtaalamu atasema kwamba si mamba, maelezo ya kwanza yamekufa yote. Ya pili yangali hai, na mtu aliye mbali aweza kuyatumia hata kama hajakiona kitu chenyewe.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kazi hii, hasa kwa vitu vya pwani. Msemaji aweza kutofautisha kombe na konokono, chaza na kome, gamba na ganda, mwiba na pezi, pingili na uti. Maneno hayo yalitungwa na watu walioviona vitu hivyo kwa karibu, na kila moja linachukua umbo ndani yake. Mkusanyaji asemaye kwamba jiwe lake lina pingili saba amekwisha kusema neno la maana.

II. Je, kweli ni kisukuku?

Maumbile hutengeneza vitu vingi vinavyofanana na viumbe. Katika nyufa za mawe mara nyingi huonekana michoro myeusi iliyotawanyika kama mimea ya jangwani, na mkusanyaji mgeni huapa kwamba ameona jani la kale. Kwa kawaida michoro hiyo ni madini ya manganizi, au chuma, yaliyoletwa na maji yaliyopenya katika ufa. Dalili zake zajulikana: mchoro hufuata uso wa ufa tu, matawi yake hugawanyika bila mpango, tena hauna uti wa katikati wala mishipa kama ilivyo katika jani. Vivyo hivyo mabonge ya mawe yaliyopasuka ndani, na nyufa zake zikajazwa na madini ya rangi nyingine, hufanana na gamba la kobe kiasi cha kuwadanganya wengi. Lakini gamba la kobe lina mpango wa pande mbili zilizo sawa, na mistari ya bonge haina mpango huo.

Kwa mfupa, mahali pa kutazama ni pale ulipovunjika. Mfupa, hata ukigeuka jiwe, mara nyingi huonyesha bado ganda gumu kwa nje na vitundu vidogo vidogo kwa ndani, kama sifongo. Jiwe lenye umbo la mfupa tu huwa la namna moja toka nje hata ndani. Uzito nao husaidia, kwa kuwa madini yaliyoingia katika vitundu huufanya mfupa wa kale kuwa mzito kuliko wa ng'ombe aliyekufa mwaka jana; lakini uzito peke yake hautoshi kuwa shahidi.

Wakazi wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawana haja ya kwenda mbali kujizoeza. Sehemu kubwa ya mwamba wa pwani hiyo, na wa visiwa vyake, ni matumbawe ya kale yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu zaidi ya ilivyo leo, na sehemu yake ya kiasi cha miaka 125,000 iliyopita. Mwamba huo ndio uliojenga kuta nyingi za miji ya kale. Mtu atazamaye kwa makini ukuta usio na lipu katika Mji Mkongwe wa Unguja aweza kuona ndani ya jiwe nyota ndogo ndogo za matumbawe, na pengine kombe lililokatwa nusu. Hivyo ni visukuku halisi, na watu huviegemea kila siku.

Mfano wa pili wa pwani una mtego zaidi, nao ni sandarusi. Hii ni utomvu ulioganda wa mti ambao kitaalamu huitwa Hymenaea verrucosa, uotao katika pwani ya Afrika ya Mashariki na Bukini. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa kwa wingi barani, mkabala wa Unguja, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe haikuwapo tena, ikapelekwa Marekani, Ulaya na Bara Hindi kutengenezwa vanishi. Ndani yake huonekana siafu, mbu na buibui, wazima kama waliokufa jana. Mtu akipata kipande cha namna hiyo huwa mwepesi kusema kwamba amepata kaharabu yenye mdudu wa mamilioni ya miaka. Tofauti ni kubwa. Kaharabu ya bahari ya Baltiki ina umri wa zaidi ya miaka milioni 30, ambapo vipande vya sandarusi vilivyopimwa umri vimeonekana mara nyingi kuwa vya miaka mia kadhaa au elfu kadhaa tu. Jaribio lake ni jepesi: tone la spiriti kali au asetoni likitiwa upande usio na mdudu, sandarusi hulainika na kunata, lakini kaharabu haibadiliki kwa urahisi.

Neno sandarusi lenyewe ni funzo. Waswahili walilipata kwa Waarabu, na asili yake yafuatwa mpaka kwa Wayunani wa kale, ambao walilitumia kwa madini mekundu. Baadaye neno lilihamia kwenye utomvu wa mti wa Afrika ya Kaskazini, na huku pwani likashika utomvu wa mti mwingine kabisa. Vitu vitatu vimepokezana jina moja. Mtu akitegemea jina peke yake, hawezi kujua ni kipi kilicho mkononi mwake.

III. Sehemu na kitu kizima

Hata ikithibitika kwamba kitu ni kisukuku, bado yapo mashaka mengine, kwa sababu mara chache kiumbe huhifadhiwa mzima. Huko Kanada, katika milima ya British Columbia, zilipatikana alama za kitu chenye pingili na miiba. Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alikieleza kuwa mwili wa mnyama wa jamii ya kamba, akakiita Anomalocaris, maana yake kamba asiye wa kawaida. Mwaka 1911 Charles Walcott alieleza kutoka milima hiyo hiyo duara lenye tundu katikati, akalifanya yavuyavu. Na mwili laini, ambao aliufanya jongoo wa bahari. Majina matatu, wanyama watatu. Mwaka 1985 Harry Whittington na Derek Briggs walionyesha kwamba vyote vilikuwa viungo vya namna moja ya mnyama: yule kamba ni mkono wa kukamatia, lile yavuyavu ni kinywa, na yule jongoo ni kiwiliwili.

Kosa hili laeleweka vyema na mtu ashughulikaye na lugha. Ni kana kwamba mgeni asiyejua Kiswahili alilisikia neno hawakuyaona vipande vipande, siku mbalimbali, kisha akaviingiza vipande vile katika kamusi kama maneno matatu. Kila kipande amekisikia sawasawa. Alichokikosa ni muungano wao. Dawa ya kosa la namna hii ni kupata sentensi nzima, na kwa mkusanyaji sentensi nzima ni kielelezo ambacho viungo vyake vingali vimeshikana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Iguanodoni pia. Gideon Mantell, tabibu wa Sussex, alimpa mnyama huyo jina mwaka 1825 kwa kuyatazama meno yake, na mwiba mmoja wa mfupa ukadhaniwa kuwa pembe ya puani. Mwaka 1878 viunzi vingi vilivyoshikamana vilipatikana katika mgodi wa Bernissart, Ubelgiji, na ikaonekana kwamba ule mwiba ulikuwa kidole gumba.

IV. Mnyama wa Tully

Hakuna habari ionyeshayo uwezo wa mkusanyaji wa kawaida, na mipaka ya maarifa ya wataalamu, kuliko ile ya Francis Tully. Mtu huyu alikuwa fundi wa mabomba katika jimbo la Illinois, Marekani. Katika miaka ya 1950 alikuwa akipekua malundo ya vifusi vya migodi ya makaa ya mawe katika eneo la Mazon Creek. Vifusi hivyo vina mabonge ya jiwe lenye chuma, na ndani ya baadhi yake mna alama za mimea na wanyama wa miaka karibu milioni 309 iliyopita. Wakusanyaji wa huko hawayavunji ovyo: huyaloweka katika maji na kuyagandisha kwa baridi, kisha huyaacha yayeyuke, tena na tena, hata bonge lipasuke lenyewe pale palipo na udhaifu, na mara nyingi pale ndipo alipolala kiumbe.

Tully aliona katika bonge moja umbo ambalo hakulipata katika kitabu chochote. Mwili wake ulikuwa laini na mrefu. Mbele ulitoka mrija mwembamba wenye kitu kama koleo penye ncha. Nyuma palikuwa na pezi. Na katika kiwiliwili kilipita kijiti cha kukingama chenye duara jeusi kila mwisho. Hakulibatiza. Mwaka 1958 alilipeleka katika Jumba la Makumbusho la Field, Chicago. Wataalamu wa pale nao hawakujua ni nini. Kwa mazoea walianza kumwita jitu la Bwana Tully, na mwaka 1966 Eugene Richardson alipomwandikia maelezo rasmi aliufuata msemo huo, akamwita Tullimonstrum gregarium. Katika jina hilo mna busara isiyo ya kawaida. Lataja nani alimpata, na kwamba ni wa ajabu, na kwamba huonekana kwa wingi. Halisemi kwamba ni mnyoo, wala konokono, wala samaki.

Busara hiyo ilikuwa ya lazima, kwani mabishano hayajakwisha. Mwaka 1989 Illinois ilimfanya kisukuku rasmi cha jimbo, huku hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni wa jamii gani. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza vielelezo zaidi ya 1,000 walitangaza kwamba alikuwa na uti wa mgongo, ndugu wa lamprei, samaki asiye na taya. Wengine mwaka huo huo waliunga mkono kwa kuchunguza rangi ya macho yake. Mwaka 2017 wengine wakapinga. Mwaka 2023 watafiti wa Japani, waliopima vielelezo zaidi ya 150 kwa mwanga wa leza, walionyesha kwamba pingili zake zaendelea hata mbele ya macho, jambo lisilopatikana kwa wanyama wenye uti wa mgongo, wakaikataa rai ya mwaka 2016.

Mtu aweza kuuliza faida ya mabishano yasiyo na mwisho ni nini. Faida ni kwamba kila upande umetumia vielelezo vilivyokusanywa kwa miaka mingi na watu wa kawaida, wakavihifadhi na kuvitoa vitazamwe. Kama Tully angeliliweka bonge lake juu ya kabati na kuliita mnyoo, pengine swali lenyewe lingalichelewa kuulizwa.

V. Mahali na mtu

Imebaki kanuni iliyo ngumu kuliko zote kwa mkusanyaji mwenye furaha, nayo ni kuacha kitu mahali pake mpaka mahali hapo pameandikwa. Kisukuku kilichong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake kimepoteza umri wake, jirani zake, na nusu ya maana yake. Huko Laetoli, Tanzania, nyayo zilizokutwa mwaka 1976 katika majivu ya volkano ya miaka milioni 3.66 zilitatanisha: wengine walidhani huenda ni za dubu. Nyayo nyingine zilizoonekana hapo karibu mwaka 1978, za watu wa kale kwa dhahiri, zikavuta macho ya wote. Nyayo zile za kwanza zilisahauliwa, lakini hazikuharibiwa wala kuhamishwa. Zilifunuliwa upya mwaka 2019, zikasafishwa na kupimwa, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba aliyezikanyaga alitembea kwa miguu miwili, wala hakuwa dubu. Ziliweza kuulizwa tena kwa sababu zilikuwapo mahali pake.

Kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, kina funzo jingine. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Sattler aliona huko mifupa mikubwa mno, na kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalifukua huko zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, ambazo wapagazi walizichukua kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye na wenzake ndio waliojifunza kutofautisha mfupa na jiwe kwa macho na vidole, wakaitoa mifupa iliyopasukapasuka bila kuipoteza. Kiunzi kikubwa cha Berlin, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kilisimamishwa mwaka 1937, na mnyama wake alikuwa amekwisha kupewa jina la mkuu wa makumbusho ya Berlin. Jina la Boheti lilingoja mpaka mwaka 2007, ambapo mjusi mkubwa mwingine wa Tendaguru, ajulikanaye kwa pingili mbili za shingo, aliitwa Australodocus bohetii. Wataalamu wengine wamekwisha kumhamisha mnyama huyo katika jamii nyingine, tofauti na ile aliyotiwa mwanzo. Rai juu ya mnyama yaweza kubadilika. Heshima iliyotiwa katika jina imebaki.

Kwa sababu hizo sheria nazo zimeingia. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavihesabu visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea kuwa mali inayolindwa, na kuvifukua kwahitaji kibali. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi. Mtu akiona mfupa uliojitokeza baada ya mvua, kazi yake ya kwanza ni kuupiga picha pamoja na kitu cha kulinganisha ukubwa, kuandika mahali na tabaka, na kupeleka habari makumbusho. Hiyo si kazi ndogo. Mvua ya mwaka ujao huenda ikauchukua mfupa, na maandishi yale yakawa ndiyo yote yaliyobaki.

Kwa hiyo daftari la mkusanyaji lafaa liwe na sehemu nne, na mpango wake uwe huu: kwanza mahali, pili maelezo ya umbo, kipimo na rangi, tatu vitu vingine vilivyokutwa pamoja nacho, na mwisho kabisa jina, lililoandikwa kwa penseli.